Jinsi ya Kulinganisha Taswira za Maumbile na Uhuru wa Binadamu katika Mashairi Mawili: Mwongozo Kamili

Insha za ulinganisho zinazonifikia kutoka kwa wanafunzi wa Kisumu, Maseno, Kakamega na Njoro zina kosa moja linalojirudia. Nusu ya kwanza ni shairi la kwanza peke yake, nusu ya pili ni shairi la pili peke yake, kisha inakuja aya fupi inayotangaza kwamba "mashairi yote mawili yametumia maumbile kuonyesha uhuru." Hizo ni insha mbili zilizobanwa pamoja kwa pini. Ulinganisho bado haujaanza.

Chanzo chake naona ni mazoea ya shule. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kwa kawaida hukupa shairi moja na maswali yake: taja bahari (aina ya shairi), eleza umbo, toa mifano ya tamathali, andika ubeti kwa lugha nathari. Unafika chuoni ukiwa fundi wa kutaja, na hapo unaulizwa swali ambalo kutaja hakulijibu.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: ulinganisho haumo katika kitu kilichotajwa. Umo katika kile ambacho kitu hicho kinatenda au kinatendwa. Ndege katika shairi moja na ua katika lingine havilinganishwi kwa kuwa vyote ni maumbile. Vinalinganishwa kwa kuuliza kila kimoja kinakwenda wapi, na nani anakipeleka.

## Utakavyohitaji

- Mashairi yote mawili kwenye ukurasa mmoja, ubavu kwa ubavu. Ukiwa unafungua ukurasa huku na kule, jicho halitaona yanapogusana.
- Kalamu za rangi mbili. Moja ya vitenzi, nyingine ya mambo mengine yote.
- Kamusi ya Kiswahili.
- Maelezo machache ya kweli kuhusu mnyama, mmea au mto unaotajwa.
- Jioni moja isiyo na haraka, simu ikiwa chumba kingine.

Usianze na maoni ya wahakiki. Ukiyasoma kabla ya kuchora mstari wako wa kwanza, utaona walichoona wao na kuacha walichoacha wao.

## Mashairi tutakayofanyia kazi

Nimeyatunga kwa ajili ya mwongozo huu ili tuwe na kitu cha kushika. La kwanza, la ndege waitwao heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru, tuliite A. La pili, la gugu maji linaloelea Ziwa Victoria, tuliite B; Dunga inayotajwa humo ni ufuo wa wavuvi Kisumu.

A. Heroe

Jua likishachomoka, nimekaa mlimani,
Ziwa limebadilika, waridi mwote majini,
Mara wote wainuka, wanapotea mbinguni,
Heroe hana mipaka, uzio wabaki chini.

Kifaru anazunguka, waya umo ubavuni,
Hufika akageuka, akarudi kichakani,
Hatari hazitafika, ila yuko kifungoni,
Heroe hana mipaka, uzio wabaki chini.

Nami ninahangaika, na jembe li mkononi,
Moyo wangu unaruka, mwili ungali shambani,
Lini nami nitafika, kule kwenu mawinguni?
Heroe hana mipaka, uzio wabaki chini.

B. Gugu

Sina mizizi ardhini.
Usiku upepo ulinisukuma Dunga,
asubuhi ukanirudisha,
nikasema: tazama, nasafiri!

Mvuvi amesimama ufuoni,
kasia limelala begani,
mtumbwi umelala mchangani.
Ananitazama.
Mimi ni kijani, mimi ni ua la zambarau,
mimi ni mlango
uliofungwa
usiku mmoja.

Nani kati yetu amefungwa?
Yeye ana mahali pa kwenda, hana njia.
Mimi nina maji yote
na siendi popote.
Napelekwa.

## Hatua ya 1: Soma kwa sauti, usiandike kitu

Soma A, kisha B, kisha A tena. Shairi la Kiswahili linaingia kwa sikio kwanza, na A hasa ni la kughanwa. Sikiliza unaposita. Katika B utajikuta ukisita penye "mlango", kwenye "uliofungwa", na tena mwisho kabisa. Weka alama ndogo hapo, tutaparudia.

Umefaulu ukiweza kueleza kwa sentensi moja ya mdomo kila shairi linaongea na nani.

## Hatua ya 2: Piga mstari chini ya vitenzi

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Wengi hupiga mstari chini ya nomino: heroe, ziwa, kifaru, gugu, upepo. Orodha hiyo inakwambia kilichomo kwenye picha, haikwambii kinachotokea. Uhuru ni jambo la kutenda au kuzuiwa kutenda, kwa hiyo ushahidi wake umelala katika vitenzi.

Katika A, heroe wana vitenzi viwili vikubwa: *wainuka* na *wanapotea*. Kifaru ana *anazunguka, hufika, akageuka, akarudi*. Angalia mkondo huo wa vitenzi vya kifaru: unarudi ulikotoka. Nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, hapa mkulima mwenye jembe, ana *nimekaa* na *ninahangaika*. Kitenzi chake cha mwendo, *nitafika*, kiko katika wakati ujao na ndani ya swali. Kinachoruka ni moyo wake tu.

Katika B, gugu linaanza na vitenzi vya upepo: *ulinisukuma, ukanirudisha*. Kisha linajidai: *nasafiri!* Na mwisho linajisahihisha: *napelekwa*. Mvuvi, kasia na mtumbwi wana vitenzi vya kutulia: *amesimama, limelala, umelala*.

Sasa weka orodha mbili pamoja na utafute kauli ya kutendwa. B inayo tele: *uliofungwa, amefungwa, napelekwa*. A haina hata kitenzi kimoja cha kutendwa. Kifaru yuko kifungoni, lakini hakuna kitenzi kinachosema amefungwa, wala na nani. Waya "umo" tu, kana kwamba ulizaliwa pale. Ugunduzi wa namna hii hautaupata kwa kutaja tashihisi (kukipa kitu hali ya mtu) na takriri (kurudiarudia maneno). Na tayari ni ulinganisho, kwa sababu hungeona ukimya wa A kama B isingekuwa kando yake.

Onyo: usihesabu vitenzi halafu ukaandika hesabu. Msomaji wako hataki kujua viko vingapi. Anataka kujua vinaelekea wapi.

Dalili ya kufaulu: una jozi angalau mbili za vitenzi, kimoja kutoka kila shairi, vinavyobishana. Kwa mfano *wainuka* na *napelekwa*.

## Hatua ya 3: Kijue kitu chenyewe

Mwanafunzi anayeandika "ndege ni ishara ya uhuru" bila kumjua ndege huyo anaandika jambo ambalo lingefaa kwa kunguru, njiwa na mbuni. Tafuta maelezo machache ya kweli.

Heroe wanaolipaka Ziwa Nakuru rangi ya waridi hula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi, na rangi yao yenyewe inatokana na chakula hicho. Maji ya ziwa yalipopanda kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na wengi wao wakahamia Bogoria. Uzio wa hifadhi ya Nakuru nao uliwekwa miaka ya 1980 kuwalinda vifaru dhidi ya majangili.

Gugu maji asili yake ni Amerika Kusini, na lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mashina ya majani yake yamejaa hewa, ndiyo maana linaelea na mizizi ikining'inia majini bila kugusa udongo. Upepo wa Ghuba ya Winam hulisukuma kundi zima kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Mvuvi wa Dunga anaweza kulala maji yakiwa wazi na kuamka mtumbwi wake hauna pa kupita.

Sasa rudi kwenye mashairi ukiwa na maarifa haya. Heroe "hana mipaka", lakini tumbo lake linamwambia pa kwenda. Mkulima wa A halioni hilo, au hataki kuliona. Uzio wa kifaru ni kifungo, na papo hapo ndio unaomweka hai. Shairi lenyewe limekiri hivyo kwa nusu mshororo: "Hatari hazitafika". Na "Sina mizizi ardhini", ambayo jicho la haraka linaweza kuisoma kama majigambo, ni ukweli wa kimaumbile unaoeleza kwa nini gugu haliwezi kukataa kupelekwa.

Onyo: maarifa haya ni ya kunoa macho, hayapaswi kujaza kurasa. Sentensi moja ya maumbile kwa kila shairi inatosha. Ukipita hapo umeanza kuandika insha ya jiografia.

## Hatua ya 4: Uliza maswali matatu ya uhuru

Neno "uhuru" likiachwa wazi litameza kila kitu. Libane kwa maswali haya, na uyajibu kwa kila shairi:

1. Nani amezuiwa?
2. Amezuiwa na nini?
3. Akiachiliwa, angekwenda wapi?

Swali la tatu ndilo wanalolisahau wengi, nalo ndilo linalozaa hoja nzuri kuliko yote. Mkulima wa A angekwenda "kule kwenu mawinguni". Hapo si mahali. Hakuna shamba mawinguni, hakuna nyumba. Anajua anachotaka kukiacha lakini hajui anachokiendea.

Katika B swali hili limegawanywa baina ya wawili. Mvuvi "ana mahali pa kwenda, hana njia". Gugu lina maji yote na haliendi popote. Shairi limeupasua uhuru vipande viwili, njia na nia, likampa kila mmoja kipande kimoja. Wote wawili wamekwama. Ukisoma A baada ya kuona hili, mkulima wake anaonekana upya: ana shauku kubwa, lakini je, ana nia?

Dalili ya kufaulu: majibu yako ya swali la tatu hayafanani kwa mashairi yote mawili. Yakifanana kabisa, rudi kwenye Hatua ya 2.

## Hatua ya 5: Nani anatazama, nani anatazamwa

Hatua hii ni fupi. Katika A binadamu anayatazama maumbile kwa mbali, kutoka mlimani. Katika B maumbile yanasema yenyewe, na hata binadamu anapotazama ("Ananitazama"), tunausikia mtazamo huo kutoka upande wa kinachotazamwa.

Usiishie kuandika "B limetumia tashihisi". Andika tashihisi hiyo inafanya nini: inatuwezesha kusikia kutoka ndani ya mwendo ule ambao mkulima wa A anauona kwa nje tu. Heroe hawakuulizwa. Gugu limejisemea.

Na tafadhali, usimchanganye nafsineni na mshairi. Anayeshika jembe katika A si lazima awe ndiye aliyeshika kalamu.

## Hatua ya 6: Lisikilize umbo

Wanafunzi wengi huweka umbo mwishoni mwa insha, kama deni la kulipa: "Shairi A ni tarbia, lina beti tatu, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, vina vyake ni mtiririko. Shairi B ni huru." Ni kweli yote, na halijasaidia chochote. Umbo liingie pale linapogusa uhuru.

Tazama A. Linasifu kiumbe asiye na mipaka kwa kutumia bahari yenye mipaka mikali: silabi nane kwa nane, *ka* mwisho wa ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), *ni* mwisho wa utao (nusu ya pili), toka mwanzo hadi mwisho bila kuteleza. Kibwagizo kinarudi kila ubeti, kama kifaru anavyofika kwenye waya na kugeuka.

Lakini maana ya kibwagizo haisimami mahali pamoja. Katika ubeti wa kwanza "uzio wabaki chini" ni shangwe, ndege wameuacha. Katika wa pili ni huruma, kwa sababu kifaru yuko huko chini pamoja na uzio. Katika wa tatu inachoma: anayebaki chini sasa ni mkulima mwenyewe. Maneno hayajabadilika hata herufi moja. Nakuomba ukae hapa kwa muda. Kibwagizo kinachogeuka maana bila kugeuka maneno ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi ambayo ushairi wetu wa arudhi, yaani wenye kanuni za vina na mizani, unaweza kufanya, na inasikitisha kukiona kikitajwa kwenye insha kuwa "kinasisitiza ujumbe" na basi.

B nalo halina mizani wala vina vya lazima. Ungetarajia litambae litakavyo. Badala yake mishororo inafupika kuelekea mwisho wa ubeti wa pili na wa tatu, na pale penye "mimi ni mlango / uliofungwa / usiku mmoja" sentensi inakatwa vipande, mishata (mishororo inayokatika kabla ya wazo kukamilika) inayokulazimisha kusita. Ndipo uliposita ulipokuwa ukisoma kwa sauti. Mshororo wa mwisho ni neno moja, lililobaki peke yake.

Kwa hiyo kila shairi linavutana na umbo lake: la arudhi linaota kutokuwa na mipaka, la huru linazibwa njia. Hoja hii peke yake inaweza kubeba aya mbili.

Onyo: usikimbilie kusema arudhi ni kifungo na shairi huru ni uhuru. Ni hoja nyepesi, na mashairi haya mawili yanaikanusha.

## Hatua ya 7: Andika dai kabla ya utangulizi

Dai ni sentensi moja ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuipinga.

Dai dhaifu: *Mashairi yote mawili yanatumia taswira za maumbile kuonyesha umuhimu wa uhuru.* Hakuna wa kulipinga, kwa hiyo halina kazi.

Dai lenye nguvu: *Mashairi yote mawili yanaanza na mwendo wa maumbile, lakini A linauchukua mwendo huo kuwa uhuru kwa sababu nafsineni anautazama kwa mbali, ilhali B linaonyesha kwamba kusogea bila kuamua ni kifungo cha namna nyingine.*

Angalia viungo vyake: lina kinachofanana, lina kinachotofautiana, na lina *kwa sababu*. Ukikosa *kwa sababu*, umetoa tangazo.

## Hatua ya 8: Andika aya zenye mashairi yote mawili

Kila aya ishike jambo moja (kitenzi, mtazamo, kibwagizo) na kuyapitisha mashairi yote mawili ndani yake. Huu hapa mfano:

*Katika A heroe ndio wanaotenda: "wote wainuka", "wanapotea". Katika B gugu ndilo linalotendwa: upepo "ulinisukuma", "ukanirudisha", hadi lifikie kukiri "napelekwa". Mwendo unaoaminiwa katika A kuwa ndio uhuru wenyewe unatiliwa shaka katika B. Tofauti hii inatokana na mahali alipo anayesema. Mkulima yuko mlimani, na kutoka huko haoni kinachowarusha ndege. Gugu linasema likiwa ndani ya mwendo na linaijua nguvu inayoliendesha. Hata hivyo mashairi yote mawili yanamwacha binadamu na kifaa chake cha kazi, jembe "mkononi" na kasia "begani", ilhali macho yake yako kwingine.*

Ona sentensi ya mwisho. Aya iliyokuwa ikitofautisha imerudi kutafuta mfanano, nao ni mfanano ambao haukuonekana mwanzoni. Huhitaji kufanya hivyo kila aya, lakini ukifanya mara moja au mbili insha inapata pumzi.

Dondoo ziwe fupi. Maneno mawili yaliyochaguliwa vizuri yanashinda ubeti mzima uliomwagwa kisha ukafuatwa na "ubeti huu unaonyesha kwamba..."

## Hatua ya 9: Pima kabla ya kukabidhi

Chukua kila aya na ufute, kwa macho, kila kinachohusu shairi B. Je, kilichobaki bado ni aya kamili inayosimama yenyewe? Basi hukulinganisha, ulipanga foleni tu. Aya ya ulinganisho ikinyang'anywa shairi moja inapaswa kuanguka.

Kisha tafuta neno "pia" mwanzoni mwa sentensi zako. "Pia shairi B limetumia..." ni alama kwamba umeongeza bila kuunganisha. Badilisha kwa *ilhali, kinyume na, kwa njia hiyohiyo lakini*, na kama sentensi inakataa kubadilika, huenda haina kazi hapo.

Mwisho, soma dai lako tena. Mara nyingi ukiandika aya za kati utakuwa umeona zaidi ya ulivyoona jioni ile ya kwanza. Libadilishe dai lifuate insha. Usiilazimishe insha irudi kwenye dai la zamani.

## Jozi ya kujizoezea

Tafuta shairi moja la arudhi na moja huru ambayo yote yanataja maji yanayotembea: mto, mvua au mafuriko. Kwa wakazi wa nyanda za Kano mfano uko karibu, kwa sababu Mto Nyando unapovunja kingo zake unakuwa huru na watu wanakosa pa kulala. Anza na vitenzi vya mto, kisha vitenzi vya watu, na uone ni upande gani umejaa kauli ya kutendwa.